Nilikwenda kukata nyasi, nimejikuta naosha gari

Shangazi, pokea salamu zangu.

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, nina mke na watoto watatu, tunakaa Kira, karibu na Kampala. Marehemu baba alikuwa askari, kwa hiyo nimekulia kambini Bombo, na Kiswahili ndiyo lugha tuliyochezea mpira na kugombania. Nakuandikia kwa lugha hiyo kwa sababu mtu ninayetaka kumzungumzia huwa tunaongea naye Kiswahili tu.

Kazi yangu ni kutunza kampaundi za watu: nyasi, maua, kupunguza miti ya uzio, kufagia majani, basi. Nina mashine moja ya kusukuma, moja ya kuvaa begani, mafyekeo manne na vijana wawili. Mmoja ni mtoto wa dada yangu aliyetoka Arua, mwingine tulikutana kazini. Nina wateja 11, wengi Naalya, Najjera na Ntinda.

Shida yangu ni mteja wa kwanza kabisa. Nitamwita Mzee. Alitumika pamoja na baba, sasa amestaafu. Mwaka 2019, nilipokuwa bado nafyeka kwa mkono nyumba kwa nyumba, alininunulia ile mashine ya kusukuma akasema, "Chukua, fanya kazi." Hakusema kama ni zawadi au mkopo, na mimi sikuuliza. Kati ya wateja wangu 11, sita wametoka mdomoni mwake.

Halafu ikaja 2020, tukafungiwa, magari ya abiria yakasimamishwa. Kwake nilikuwa nafika kwa miguu. Kila wiki alinipa posho, yaani unga wa ugali, na maharage ya kupeleka nyumbani. Sikutaka kula vya bure, kwa hiyo nikimaliza nyasi naosha gari lake, nachoma taka, nawapa mbwa chakula.

Corona ikaisha, kuosha gari hakukuisha.

Mzee hunilipa Sh. 80,000 kila tunapokwenda, mara mbili kwa mwezi. Vijana nawapa 20,000 kila mmoja, petroli na oili kama 15,000, kusafirisha mashine 10,000. Nabaki na 15,000. Kampaundi yake ni kazi ya saa tatu: tukiingia saa moja asubuhi, saa nne tumemaliza. Lakini hatutoki pale kabla ya saa kumi jioni. Tukishaanza kufuta mashine, mama wa nyumba anatokea mlangoni: "Kabla hamjaenda..." Kabla hamjaenda, zibueni mtaro. Kabla hamjaenda, pakeni geti rangi. Tumechimba kichuguu cha mchwa, tumechinja kuku wa wageni, siku moja tulizika mbwa. Yote ni ndani ya zile 80,000. Mteja wangu wa Ntinda, ambaye nilipaswa kuwa kwake mchana wa siku hiyohiyo, anasogezwa hadi wiki inayofuata, halafu analalamika kwamba nyasi zake zikikatwa zinabaki manjano.

Na wengine wamejifunza. Mama mmoja wa Najjera, ambaye Mzee ndiye aliyenipeleka kwake, alinipa chupa ya dawa nimpulizie magugu. Nikamwambia sijui dawa. Akasema, "Kwa Mzee si mnafanya kila kitu?" Nikapuliza. Baada ya wiki mbili magugu yalikuwa yamekufa na nyasi zake zimekufa pamoja nayo. Nilipanda nyasi za pasipalamu upya kwa pesa yangu.

Mwezi Septemba mpwa wangu alipanda ngazi kusafisha gata, ile mifereji ya paa, za Mzee. Ilikuwa imenyesha usiku, ngazi ikateleza, akavunjika mkono. Mzee alituendesha hospitali kwa gari lake mwenyewe, akatoa 50,000. Zilizobaki, 380,000, nimelipa mimi. Mpwa wangu amesharudi kazini, anafagia kwa mkono mmoja. Halalamiki.

Sasa katikati ya Desemba binti wa Mzee ana kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Mzee anataka mfenesi mkubwa ulio karibu na ukuta ukatwe ili mahema yaenee. Matawi yake yamelala juu ya nyaya za umeme zinazoingia nyumbani. Akaniambia, "Ninyi ni vijana, mtapanda." Nikajibu, "Ndiyo, Afande." Mdomo ulijibu wenyewe.

Mke wangu amekuwa akiandika kazi zote hizo za bure kwenye daftari la shule la mtoto. Anasema nisipomwambia Mzee, atakwenda kumwambia yeye. Mimi naogopa kuambiwa shukrani ya punda ni mateke. Tena akikasirika, wale sita wanaondoka naye. Shangazi, mtu aliyekutengeneza unamkataliaje?

Mkata Nyasi, Kira


SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu Mkata Nyasi,

Barua yako nimeisoma asubuhi, nikaiweka mezani, nikaenda dirishani. Nje kulikuwa na kijana anayenikatia nyasi, mwaka wa tatu sasa. Wiki iliyopita nilimtuma dukani sukari. Wiki ya kabla yake alinishushia magunia mawili ya mkaa kutoka kwenye boda. Nikatoka nikamuuliza, "Hivi mimi nakusumbua na kazi zangu hizi?" Akainama kuangalia fyekeo lake akasema, "Hapana mama, si kitu." Nimeishi miaka mingi, najua "si kitu" ya mtu anayemaanisha na "si kitu" ya mtu anayetaka niondoke. Kwa hiyo anayekujibu leo ni mama wa "kabla hamjaenda". Nisamehe, na unisikilize hivyohivyo.

Unauliza mtu aliyekutengeneza unamkataliaje. Naona umeyafunga mambo mawili kamba moja: kumkataa mtu na kukataa kazi. Mzee kakushika mkono ulipokuwa huna kitu, kawalisha watoto wako wakati wa kufungiwa, na mpwa wako alipoanguka hakuita boda, alishika usukani mwenyewe. Hayo hayafutiki, na sidhani hata mke wako mwenye daftari anataka yafutike. Mfenesi ni jambo lingine. Lakini katika barua yako, kila ukitaka kusema neno juu ya mfenesi, unaikuta posho ya 2020 imekaa njiani.

Turudi basi huko 2020. Nani alianza kuosha lile gari? Umeandika mwenyewe kwamba hukutaka kula vya bure. Hakuna aliyekutuma. Ulikuwa unalipa kwa heshima yako, na ulifanya vizuri. Ila Mzee aliona nini? Aliona kijana wa rafiki yake ambaye, akimaliza nyasi, huosha gari. Mwaka ukapita, miwili, mitatu, hakusikia neno tofauti. Huenda kwake hiyo ndiyo kazi yenyewe, na hizo 80,000 ndizo bei ya siku nzima. Simtetei. Nasema tu kwamba mtu hawezi kuuona mpaka ambao haujachorwa, na mwenye chaki mkononi ulikuwa wewe.

Hapo ndipo napata shaka na hofu yako kubwa, kwamba akikasirika atawachukua wale sita. Nimeitafuta katika barua siku hata moja uliyomwambia hapana, nikaikosa. Mzee akikataliwa huwa mtu gani, basi, hatujui, wewe na mimi. Huenda ni mkali. Huenda ni mtu aliyezoea vijana kumwambia "Afande, hiyo haiwezekani, sababu ni hii," naye akapanga upya. Jeshini mambo hayaendi kwa ndiyo tupu, ulikulia kambini, unalijua hilo kuliko mimi. Na hao sita, alikupeleka kwao, sawa, lakini je, miaka yote hii wanakulipa kwa sababu ya mdomo wa Mzee au kwa sababu ya nyasi zao? Wengine watakuwa hivi, wengine vile. Usiwahesabu wote upande mmoja.

Nataka nikae kidogo kwenye hesabu yako, maana umeiandika kwa uaminifu kisha ukaipita haraka. Ile 15,000 inayobaki ni ya kazi ya saa tatu. Ukitoka saa kumi, kuna saa sita nyingine ambazo hazina bei, na ndani ya saa hizo mteja wa Ntinda anasubiri. Anasema nyasi zake zinabaki manjano. Unajua sababu, hii ni kazi yako: nyasi ukizikata zaidi ya theluthi ya urefu wake kwa mkupuo mmoja, unakata sehemu kubwa ya majani ya kijani na kubakiza mashina. Ukichelewa wiki nzima wakati wa mvua, kati ya Septemba na Novemba, hakuna namna utakata kidogo. Kwa hiyo anayelipia gari la Mzee kuoshwa ni mtu wa Ntinda, na hata hajui Mzee ni nani.

Na wa pili anayelipa ni mpwa wako. Baba, nimehesabu. Umeandika juu ya Mzee karibu barua nzima, na mtoto wa dada yako aliyevunjika mkono umempa mistari michache, wa mwisho ukiwa ni "Halalamiki." Nami nauliza: angemlalamikia nani? Wewe ndiye mjomba, ndiye tajiri, ndiye anayempa pa kulala mjini. Kama wewe humwambii Mzee hapana, yeye ataanzia wapi kukuambia wewe? Umekwisha kulipa zile 380,000, kwa hiyo hujakimbia wajibu, na hilo naliheshimu. Lakini ujue pia kwamba sheria ya Uganda ya fidia kwa wafanyakazi, ya mwaka 2000, mtu akiumia akiwa kazini humtazama mwajiri kwanza. Mwajiri hapo ni wewe. Mzee amekuagiza, lakini aliyempandisha kijana ngazini ni wewe.

Ndiyo maana siwezi kuuweka mfenesi kapu moja na kuosha gari. Gari likioshwa bure umepoteza saa moja. Mti ulio kwenye nyaya unapoteza mtu. Mti mbichi una maji ndani, na ukiwa umenyeshewa ndiyo zaidi. Tawi likigusa waya, aliyelishika hapati muda wa kuliachia. Hiyo si kazi ya panga, ngazi na ujana. Tangu Aprili 2025 usambazaji wa umeme uko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali, waliochukua kutoka kampuni iliyoitwa Umeme, na hao ndio wa kuarifiwa kwanza kwamba matawi yamelalia nyaya, wauzime umeme kabla mtu hajagusa jani. Wanaweza kuchelewa, ndiyo, na kwanjula haingojei. Kwa hiyo taarifa hiyo Mzee anaihitaji sasa, ana wiki mkononi za kufuatilia. Ukikaa na "Ndiyo, Afande" yako mpaka siku tatu kabla ya mahema kufika, utakuwa umemkosesha hata nafasi ya kutafuta njia nyingine. Fikiria hilo unapojiuliza adabu iko wapi.

Zilizobaki sasa. Nitakuambia ninavyoziona, wewe ndiye utakayejua viatu vinabana wapi.

Kuna wanaoandika karatasi. Upande mmoja kazi zilizo ndani ya bei: kukata nyasi, kingo, uzio, kufagia na kutoa takataka za kazi hiyo. Upande wa pili kazi za ziada na bei zake. Karatasi ina faida moja kubwa, haina aibu, mama akitokea mlangoni, unasema "hiyo iko upande wa pili, tuipange Jumanne." Lakini ina hatari mbili. Kwa mtu kama Mzee, karatasi ikitangulia kabla ya maneno, ni tusi. Ukimtumia kwenye simu, nami ningekasirika. Na hatari ya pili huonekana baadaye: watu wenye pesa watakubali bei. Watasema sawa, ongeza 30,000, panda juu ya paa. Hapo utajua kwamba kuna kazi ulizikataa kwa sababu hazilipwi, na kuna kazi ulipaswa kuzikataa hata zikilipwa. Zitenganishe moyoni kwanza, ndipo ushike kalamu.

Dawa, kwa mfano, sijui ungeiweka wapi. Ile ya Najjera haikuwa bahati mbaya. Dawa zenye glifosati huua karibu kila jani bichi zinalogusa, pasipalamu ikiwemo. Zile zenye 2,4-D huua magugu ya majani mapana na kuziacha nyasi, lakini upepo ukizipeleka kwenye nyanya au maharage ya jirani, umejitafutia kesi. Ukitaka kuingia huko, ujifunze, uvae glavu na kinga ya uso, usome karatasi ya chupa. Usipotaka, "sipulizi dawa" ni jibu kamili. Ulimwambia mama yule hujui, na ulikuwa mkweli. Kilichokuangusha ni kwamba hukusimama pale uliposema.

Wengine hutafuta mafundi: wa gata, wa miti, wa rangi. Mteja akiuliza, wewe unamuunganisha. Ni njia nzuri, mteja haachwi hewani. Ila fundi akivunja kigae au kikapotea kitu, jina litakaloitwa ni lako, kwa hiyo usimpeleke mtu usiyemjua.

Na kuna njia ambayo wenye biashara watanicheka nikiitaja. Mpe Mzee kitu kwa hiari yako, chenye ukubwa unaojulikana. Kwa mfano, siku ya kwanjula kampaundi yake utaiandaa wewe na vijana, kuanzia wiki moja kabla, bila kuhesabu saa, kama mtoto wa nyumbani. Mwambie hivyo kwa mdomo wako: hii ni yangu kwa dada yangu anayeolewa. Sasa hivi unatoa kila mnapokwenda na hakuna anayeona kwamba umetoa, wala wewe mwenyewe huoni, unaona umenyonywa. Hatari yake ni kwamba unaweza kutoa zawadi hiyo na mengine yakaendelea palepale. Nayo mashine ya 2019 bado ina swali. Ungemuuliza siku moja, "Mzee, ile mashine ilikuwa nini kati yetu?" Akisema mkopo, utajua unadaiwa kiasi gani. Akisema zawadi, pia utajua. Miaka hii yote unailipa bila kujua bei.

Kumwacha kabisa nako kupo. Sikusukumi huko, wala sitasema haiwezekani. Ukimtoa yeye na wale sita, wateja wanne si wake, na ile siku yake nzima ingeingiza kampaundi mbili. Ungepoteza 15,000 mara mbili kwa mwezi na kitu kingine kisichohesabika, rafiki wa baba yako. Hicho ni wewe tu unajua uzito wake.

Ukiamua kuzungumza naye, nina maneno machache ya mtu mzima. Usiende siku ya malipo, na usiende ukiwa na ovaroli. Nenda jioni, umeoga, ukae barazani, unywe chai ukipewa. Mke wako abaki nyumbani na daftari lake. Lile daftari ni kwa ajili ya macho yako, na ukilifungua mbele ya Mzee litageuka kuwa mashtaka. Anza na baba yako na posho, kwa sababu ni kweli. Kisha useme la mfenesi lote kwa pumzi moja, usiling'ate: "Mti ule siwezi kumpandisha mtoto wa mtu, baada ya la Septemba." Unyamaze. Ukimya utakuwa mrefu, nawe utasikia hamu ya kuujaza na "lakini tutajaribu". Kunywa chai. Akifoka, mwache afoke, amestaafu, hana wengi wa kufokea siku hizi. Ya gari na gata unaweza kuyaacha kwa siku nyingine. Watu wengine hutaka kumaliza yote kikao kimoja, mimi sioni haraka hiyo.

Mama wa nyumba naye usimsahau. Kwa jinsi ulivyoandika, nyingi za hizo "kabla hamjaenda" zinatoka kwake, na inawezekana Mzee hajui hata nusu yake. Pengine kwake inatosha mkifika asubuhi kumuuliza, "Mama, leo kuna nini zaidi ya nyasi? Tunatoka saa nne na nusu." Mimi mwenyewe kijana wangu angeniuliza hivyo, sukari ningekwenda kununua.

Lakini kabla ya Mzee na kabla ya mama, zungumza na mpwa wako. Jioni, mkiwa mmekaa, asiwe ameshika ufagio. Muulize mkono unaumaje usiku, na muulize ni kazi gani hataki kuipanda tena. Akikuambia "si kitu, mjomba", usisimame. Kaa hapohapo, umwombe chai nyingine.

Wako,
Shangazi